Tulipokuwa Tukiionja Dodoma

Katika miaka ya mwanzo ya 2000, mwenye duka mjini Dodoma alikuwa akikuuzia chupa ya mvinyo wa nyumbani huku akikuomba radhi. Ukiutaja, alikuuliza kwanza kama una hakika, kisha akakuonyesha rafu ya chupa za Afrika Kusini, na ukishikilia neno lako akainama chini ya kaunta akakutolea chupa yenye vumbi mabegani. Siku hizi mvinyo wa Dodoma umesimama rafu ya mbele, umevalishwa lebo nzuri, na wageni wanaufungasha kwenda nao kwao kama zawadi ya mji. Mimi niliyeupenda tangu ulipokuwa chini ya kaunta ninafurahi kwa dhati. Lakini furaha hiyo ina jeraha ndani yake: mvinyo ulipokuwa dhaifu tulikutana kila mwezi kuuonja na kuujadili, na ulipokuwa mzuri tukatawanyika.

Kikundi chetu hakikuwa na katiba, kadi wala mweka hazina. Alikuwemo mwalimu wa kemia wa sekondari, karani wa reli, muuguzi, fundi cherehani, dereva wa daladala, mkulima wa zabibu wa Hombolo, na kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora. Tulikutana Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara kutoka, nyumbani kwa karani, Area C, chini ya mwarobaini. Kila aliyeweza alikuja na chupa. Aliyekuwa amekwama mwezi huo alipitia mnada wa Msalato akaja na nyama ya mbuzi, na hakuna aliyemhesabia. Wakati wa uhaba wawili walichangia chupa moja, na mara nyingi mchango mkubwa ulitoka kwa yule ambaye hakutaka ajulikane.

Karani alitandika shuka jeupe mezani, na shuka lile lilikuwa na kazi yake. Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe unaiona rangi ya mvinyo pale ukingoni, na rangi inakueleza mengi kabla ulimi haujasema lolote. Mwekundu ulio mchanga una zambarau ukingoni. Uliozeeka umegeuka rangi ya tofali. Mweupe ulioingiwa na hewa umeanza kufanana na chai ya rangi. Chupa zilivishwa magazeti, zikafungwa kwa uzi, na fundi akaziandika namba kwa chaki yake ya kukatia nguo. Hata aliyeleta chupa hakujua ni ipi, kwa sababu karani alizichanganya ndani kabla ya kuzitoa uani. Glasi zilikuwa za kila aina, nyingine za maji, nyingine za chai. Katikati ya meza palikuwa na kopo tupu la rangi, la kutemea, na sahani ya vipande vya bofulo vya kusafishia ulimi.

Mvinyo mwekundu tuliuzamisha kwenye ndoo ya maji ya baridi kwa nusu saa. Mwalimu ndiye aliyetufundisha. Wanaosema unywewe kwa joto la chumbani, alisema, walikuwa na vyumba vya Ulaya vichwani, vya nyuzi 16 au 18, na mchana wa Oktoba hapa kwetu hauna chumba cha namna hiyo. Mvinyo ukiwa na joto, kilevi hupanda puani na kufunika harufu nyingine zote. Baada ya kujua hilo, chupa kadhaa tulizokuwa tumezilaumu kwa ukali zilitufumbua macho.

Kila mtu alinusa, akazungusha glasi, akanusa tena, akaonja, akatema au akameza kadiri ya mipango yake ya jioni. Dereva alitema kila tone, maana ndiye aliyetupeleka majumbani usiku. Kwa sababu hiyo kichwa chake kilibaki kizima hadi chupa ya mwisho, na tukamzoea kuwa hakimu wetu pale tulipobishana. Mwalimu aliandika kwenye kauntabuku lenye mistari minne ya kalamu nyekundu: rangi, harufu, ulimi, na kinachobaki baada ya kumeza. Sheria ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kali. Kusema mvinyo ni mzuri au ni mbaya hakukutosha. Ilikupasa useme umeona nini. Kama una ukakasi, unashika ufizi au unashika koo? Kama ni mchachu, ni uchachu wa limau au wa siki? Watu waliokuja mara ya kwanza walikaa kimya wakidhani hawana elimu ya kutosha, lakini kabla jua halijazama walikuwa wakigombea kusema.

Kuna jioni moja ninayoikumbuka kuliko nyingine. Chupa namba tatu, nyekundu, ilimfika muuguzi, akaiweka chini haraka. Akasema inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mwalimu akanusa, akasema ni kweli, na akaanza kutueleza namna kilevi na asidi ya siki vinavyoungana na kutoa harufu ile. Akahukumu kwamba kosa lilikuwa la chachu au la usafi wa tangi. Mzee wetu wa Hombolo alikuwa amekaa pembeni akichezea kizibo. Akasema taratibu, "Mwalimu, samahani. Hizo zabibu zililala juani."

Tukanyamaza. Mzee akaeleza. Mavuno yakiiva, mkulima huambiwa lori linakuja kesho, naye huchuma kutwa nzima ili asiachwe. Lori halifiki kesho wala kesho kutwa. Zabibu zinabaki kwenye kreti, za chini zinapondwa na uzito wa za juu, maji yake yanatoka, inzi wanajaa, na chachu ya porini inaanza kazi shambani kabla mtengenezaji hajaiona hata punje moja. Zikifika kiwandani zimekwisha kuharibika, wala hakuna ufundi wa kuzirudisha. Kijana wa Makutupora akaafiki: wadudu wa siki hustawi penye hewa na joto, na kreti lililokaa juani lina vyote viwili. Ndipo karani wa reli, ambaye maisha yake yote yalikuwa ratiba za mizigo, akauliza maswali ambayo hakuna mwonjaji mwingine angeyauliza: nani anayepanga safari za lori, anapataje kujua shamba lipi limeiva, na kwa nini wakulima wa kijiji kimoja wote wanachuma siku moja. Tulizungumza hadi saa nne usiku. Mvinyo mbovu ulikuwa umetufikisha shambani, barabarani na kwenye daftari la mnunuzi. Kiwanda husika tulikifahamu karatasi ilipofunguliwa, na wiki iliyofuata watu wawili kati yetu walikwenda kumweleza fundi wake. Aliwapokea, akawasikiliza, na akawaonyesha mwenyewe jinsi zabibu zilivyomfikia.

Kutoka kwa mzee yule ndiko nilikojifunza zabibu za Dodoma ni nini hasa. Zilianza kupandwa na wamisionari Wakatoliki huko Bihawana katika miaka ya 1950, zikitafutiwa divai ya misa. Baadaye serikali ikaona zao la biashara ndani yake, na shirika la umma la DOWICO likawa jina la mvinyo wa nchi nzima, hadi lilipofifia katika miaka ya 1990 pamoja na mashirika mengine mengi ya umma. Wakulima wengi waliokuwa wamelitegemea waling'oa mizabibu wakarudi kwenye mtama na uwele. Waliobaki walibaki kwa ukaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaja kiwanda cha CETAWICO huko Hombolo, na pamoja nacho mbegu za Italia ambazo hatukuwahi kuzisikia: Teroldego na Marzemino za milima ya kaskazini, Aglianico ya kusini. Zilikaa shambani jirani na Syrah, Chenin Blanc na ile nyekundu yetu iitwayo Makutupora. Sisi tulijifunza majina hayo mezani, moja baada ya jingine.

Mzee alitueleza pia lile ambalo hushangaza wageni. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai una ubaridi mzuri, lakini mti hauachi kukua. Kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza. Anaunyima maji, kisha anaupogoa kwa makasi, na kuanzia siku ya kupogoa anahesabu miezi kama minne hadi mavuno. Hivyo hupata mavuno mawili. Yale ya Februari na Machi huangukia wakati wa mvua, na ingawa mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka, inatosha kuleta ubwiri na kupunguza sukari. Yale ya Agosti na Septemba huiva katika ukavu, na ndiyo yenye utamu uliokolea. Kijana wa Makutupora alikuja siku moja na kipima sukari, kibomba kidogo cha kuchungulia, tukadondoshea tone la maji ya zabibu kutoka shamba la mzee na kusoma kipimo kwa zamu. Mwalimu akapiga hesabu: kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Mzee alichungulia mara ya mwisho, akakaa nacho muda mrefu, akasema kwamba miaka yote zabibu zake zimepimwa kwa mizani tu.

Kauli hiyo niliielewa vizuri zaidi baadaye. Mnunuzi aliyelipa kwa kilo alilipa sawasawa zabibu iliyoiva na ile iliyochumwa mbichi, hivyo mwenye kusubiri ziive alijitia hasara: ndege walikula, wezi walichuma, na zabibu zilipoanza kukauka zilipungua uzito. Sukari ambayo mtengenezaji aliilia haikuwa na bei. Hata leo sehemu kubwa ya zao huuzwa kama mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye matangi yakingoja kiwanda kikubwa kiyahitaji, na mkulima hana njia ya kujua mchuzi wake umeishia kwenye chupa ipi.

Jioni nyingine tuliamua kujipima na wakubwa. Mwalimu alikuwa ametusimulia kisa cha Paris cha tarehe 24 Mei 1976, pale Mwingereza Steven Spurrier, mwenye duka la mvinyo katika mji huo, alipowakalisha waonjaji wa Kifaransa mbele ya chupa zilizofichwa majina, za Ufaransa na za California. Walipomaliza kutoa alama ikaonekana kwamba nyekundu iliyoshinda ni ya Stag's Leap Wine Cellars na nyeupe ni ya Chateau Montelena, zote za California, zote za mavuno ya 1973. Kisa kile kilituingia mioyoni kwa sababu tuliishi na rafu ya Afrika Kusini machoni kila siku. Tukachanga, tukanunua chupa nne nyeupe kutoka kusini, tukazichanganya na mbili za kwetu, na fundi akazivisha magazeti kama kawaida.

Hatukushinda. Chupa moja ya kwetu ilishika nafasi ya mwisho, na ilistahili. Ilikuwa imekwisha kuchoka. Lakini ile nyingine, Chenin Blanc, ilishika nafasi ya pili, mbele ya chupa tatu ambazo mwenye duka alikuwa akizisifu kila siku. Dereva, ambaye hakuwa na sababu ya kumbembeleza mtu, aliandika kwamba ina uchachu unaoufungua mdomo na harufu ya pera lililoanza kuiva. Gazeti lilipochanwa na jina la Dodoma likaonekana, mzee wa Hombolo alisimama. Alinyoosha mkono akaomba amiminiwe tena. Ndipo alipotuambia kwamba ingawa alilima zabibu tangu ujanani, kabla hajaanza kuja kwetu hakuwahi kuonja mvinyo mweupe uliotoka kwenye ardhi ya kijiji chake. Chupa ilikuwa ghali kwake, na hakuna aliyewahi kumwita.

Hakuna aliyekivunja kikundi chetu, na kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Mwalimu alipata uhamisho kwenda Lindi, akaliacha kauntabuku kwa muuguzi. Karani alistaafu, na nyumba aliyokuwa amepanga ikapandishiwa kodi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma moja kwa moja, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973, na katika miaka michache mji wetu ukawa jiji. Ulikuja uhai mpya, barabara, ajira na vyuo vilivyojaa. Vilevile ua wenye mwarobaini ukageuka kiwanja cha thamani, na mashamba ya pembezoni yakaanza kupimwa viwanja. Jirani wa mzee wetu aliuza shamba lake la mizabibu kwa fedha ambazo mavuno ya maisha yake yote yasingemletea, na siwezi kumtia makosani. Jumamosi zetu zikawa za kila miezi miwili, kisha za sikukuu, kisha za misiba.

Ni haki niseme yaliyo mema, kwa sababu ni mengi. Kodi imewekwa nafuu kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, na hatua hiyo imewapa pumzi wenye viwanda. Watengenezaji wadogo wameongezeka, wengi wao wakiwa wanawake waliopata mafunzo na kuanza na mapipa machache nyumbani. Matangi ya chuma kisichoshika kutu yameingia mahali pa vyombo vya kubahatisha. Harufu ile ya dawa ya kucha sijakutana nayo siku nyingi. Vijana wanaokwenda kwenye usiku wa mvinyo kwenye hoteli za jiji wanajua majina ya zabibu kuliko tulivyoyajua sisi, na treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 inawaleta wengine kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Wasichana huketi mezani na kutoa maoni bila kuulizwa wamekuja na nani, jambo ambalo muuguzi wetu alilipigania kwa miaka.

Nimehudhuria baadhi ya jioni hizo. Taa ni nzuri, muziki ni mzuri, na chupa hutambulishwa na yule yule anayeziuza. Anasimulia lebo, anataja chakula kinachofaa kuandamana na mvinyo, watu wanapiga makofi na picha, glasi inafuatwa na glasi. Mvinyo wenyewe ninausifu bila kujilazimisha. Ila hakuna gazeti juu ya chupa, na hakuna kopo la kutemea. Hakuna anayeulizwa ameona nini. Anayeona kasoro huinyamazia kwa adabu, maana yuko kwenye sherehe ya mtu. Na kwenye kila meza niliyopita nimemtafuta mkulima, sijamwona. Kiingilio pekee ni sawa na malipo ya vibarua wake wa siku kadhaa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee, na huenda ndiyo maana tumeacha kukaa na mvinyo wetu: tunadhani sasa unaweza kujiuza wenyewe. Mimi naona kinyume. Ulipokuwa mbaya ulihitaji wateja wenye huruma. Sasa ukiwa mzuri unahitaji watu wenye ulimi mkweli, kwa sababu hatua iliyobaki kati ya uzuri na ubora hauwezi kuivuka kwa makofi. Mtengenezaji anayesikia sifa tu hana pa kuanzia msimu ujao. Sisi tulikuwa watu wa kawaida wenye glasi za chai, lakini fundi wa kiwanda aliposikia kutoka kwetu kwamba kosa lilianzia kwenye kreti, alikuwa na jambo la kufanya kesho yake asubuhi.

Wale waliobaki wa kikundi chetu tungali tunaonana. Kauntabuku lipo kwa muuguzi, na mwandiko wa mwalimu bado unasomeka, ingawa mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Tukikutana tunaulizana kwa nini hatuanzi tena, na kila mmoja ana jibu la kweli: umri, umbali, wajukuu, presha. Nafikiri pia tunajua kwamba kuwakusanya tena wazee wale wale hakutarudisha kitu kilichokuwa na thamani. Thamani ilikuwa ule mchanganyiko wa mlimaji, mpimaji, msafirishaji na mnywaji kwenye shuka moja, wote wakiwa hawajui ni chupa ya nani.

Jambo hilo halihitaji sisi. Linahitaji kiwanda kimoja tu kithubutu, kikubwa au kidogo, kila baada ya mavuno kutenga chupa chache kutoka kwenye zabibu za kijiji fulani, kuzifunika majina, kuwaita wakulima wa kijiji hicho pamoja na mtengenezaji na dereva wa lori, na kumpa kila mmoja nafasi ya kusema alichokiona. Gharama yake haifiki ile ya tangazo moja la barabarani. Mtengenezaji atajua zabibu zipi azililie kwa bei nzuri zaidi, dereva atajua kuchelewa kwake kunanuka vipi, na mkulima aliyeonja kazi ya mikono yake ataweza kugoma kuchuma zabibu ambazo hazijaiva, hata lori likimpigia honi shambani.